Jinsi ya kuchora mishale kati ya watu na mazingira bila kumkamata wa kwanza unayemwona

Ziwa likipungua utasikia sentensi mbili tu. Ya kwanza "ni tabianchi", ya pili "ni watu wanaharibu mazingira", na aliyesema anaondoka zake ameridhika kabisa. Zote mbili zinaweza kuwa kweli na bado zisikusaidie chochote, maana hazikwambii nani kamsukuma nani, kwa njia gani, tangu lini, na yule aliyesukumwa alirudisha nini. Huu mwongozo ni wa mtu yeyote anayetaka kuelewa sehemu flani, iwe ziwa, msitu, mto, malisho au pwani. Labda una ripoti ya chuo, labda uko kwenye kamati ya watumia maji, labda umechoka tu kubishana na watu bila ushahidi. Unahitaji karatasi kubwa, penseli (sio peni, utafuta sana), intaneti ya kufungua picha, na uvumilivu. Hesabu hamna, angalau mwanzoni.

Anza na kitu kimoja kilichobadilika

Usiandike "mazingira" katikati ya karatasi, hilo neno ni kubwa mno, halipimiki. Andika kitu ambacho mtu anaweza kwenda kukihesabu: kina cha maji, tani za samaki zinazovuliwa, ukubwa wa eneo lenye miti, idadi ya mafuriko kwa miaka kumi. Pembeni yake andika kimebadilika kuanzia lini hadi lini. Hapo kwenye miaka ndo wengi wanateleza, maana mtu anasema "zamani" na kila mmoja ana zamani yake, mzee anamaanisha alipokuwa mtoto, mtafiti anamaanisha tangu data yake ianze, na unaweza kukuta wanabishana kumbe wote wako sahihi.

Alafu weka mpaka. Mpaka wa wilaya au wa nchi haufai sana kwa kazi hii, maji hayajui mkuu wa wilaya ni nani. Kama kitu chako ni maji tumia bonde zima la mto, kama ni wanyama tumia eneo wanalozunguka kwa mwaka mzima, kama ni samaki fuata wanapozaliana pia na sio wanapovuliwa tu. Mpaka utakuwa na makosa, hiyo sawa, utaurekebisha.

Mshale wa kwenda, mshale wa kurudi

Sasa chora. Tuchukue Bahari ya Aral, kati ya Kazakhstan na Uzbekistan, jina bahari ila ni ziwa, na mwaka 1960 lilikuwa la nne kwa ukubwa duniani. Mito miwili ndo iliyokuwa inalilisha, Amu Darya na Syr Darya, na serikali ya Kisovieti ikaamua maji ya ile mito yaende kumwagilia pamba kwenye nchi kavu. Mshale wa kwanza huo hapo: mifereji inachukua maji, ziwa linashuka. Watu wengi wanaishia hapo wanafunga daftari, na mi nasema hapo hujachora kitu bado, umeandika kichwa cha habari.

Endelea kuuliza "alafu ikawaje?" Maji yalivyopungua chumvi ikazidi, samaki waliozoea maji ya chumvi kidogo wakafa, uvuvi wa biashara ukaisha mwanzoni mwa miaka ya 1980, na Moynaq uliokuwa mji wa bandari ukabaki na meli zimekaa kwenye mchanga. Sakafu ya ziwa ilipobaki wazi ikawa vumbi lenye chumvi na mabaki ya dawa za mashambani, upepo ukawa unalibeba kwenda kwenye makazi na kwenye mashamba. Ziwa kubwa kama lile pia lilikuwa linapunguza makali ya hali ya hewa, kwa hiyo lilivyoondoka, sehemu zilizokuwa karibu na ufukwe zikapata joto kali zaidi wakati wa joto na baridi kali zaidi wakati wa baridi. Sasa ona mshale wa kurudi: udongo wa mashamba ukijaa chumvi inabidi uoshwe kwa maji mengi kabla ya kupanda, na hayo maji yanatoka wapi? Mito ile ile. Duara limefunga.

Hilo duara ndo unalitafuta. Kuna duara linalojilisha, kila likizunguka mambo yanazidi kwenda upande uleule, na kuna linalojituliza, mfano samaki wakipungua gharama ya kuwatafuta inapanda, wavuvi wengine wanaacha, samaki wanapata nafasi ya kuongezeka. Weka alama ya kujumlisha kwenye la kwanza na ya kutoa kwenye la pili. Na usidhani duara linalojilisha ni baya siku zote, kaskazini ya Aral mwaka 2005 lilikamilika tuta la Kokaral, km 13 hivi, likazuia maji ya Syr Darya yasipotelee kusini, kina kikapanda, chumvi ikashuka, samaki wakarudi na wavuvi nao wakarudi. Duara lilelile, limegeuzwa upande. Sehemu ya kusini haikupata bahati hiyo.

Kanuni moja ninayoishikilia sana kwenye kuchora: kila mshale uwe na kitenzi. Mshale unaotoka "umaskini" kwenda "ukataji miti" hauna kitenzi, ufute. Nani anakata, anakata nini, kwa chombo gani, anamuuzia nani, na kwanini mwaka huu na sio miaka ishirini iliyopita? Ukishindwa kujibu maana yake hujui, na ni afadhali uache nafasi wazi kuliko kuijaza na neno kubwa.

Watafute wanaofanya kazi bure

Kwenye karatasi yako pengine umejaza watu na mazao na maji, umesahau viumbe ambavyo hamna mtu anavilipa. Mfano wangu mkubwa hapa ni tumbusi wa India, wale ndege wala mizoga. Kuanzia miaka ya 1990 walianza kufa kwa kasi ya ajabu, aina zilizokuwa zimejaa kila mahali zikapungua kwa zaidi ya asilimia 95, na kwa muda mrefu watu waliwaza ugonjwa, sumu ya mashambani, njaa. Jibu likapatikana mwaka 2004: diklofenaki, dawa ya maumivu ya kawaida tu, ng'ombe anapewa akiwa mgonjwa, akifa tumbusi wanamla, figo zao zinafeli. Mizoga ikabaki bila wa kuimaliza, mbwa koko wakaongezeka, na mbwa wakiongezeka kichaa cha mbwa nacho kinaongezeka hatari yake kwa binadamu. India ikapiga marufuku diklofenaki ya mifugo mwaka 2006, na kuna mbadala ambao hauwadhuru hao ndege, meloksikamu.

Hamna mtu alikata mti hapo wala hamna mtu alikuwa na nia mbaya, mfugaji alitaka mnyama wake apone basi. Kwa hiyo kwenye kila karatasi nauliza maswali haya: nani anasafisha hapa? nani anachavusha? nani anashika udongo? nani anawala wadudu? Akiondoka huyo, kazi yake inaangukia kwa nani?

Picha za zamani kabla ya kumlaumu mtu

Hii ndo sehemu ambayo ningeomba uikalie zaidi, maana hapa ndo wataalamu wenyewe wameanguka, na wameanguka vibaya.

Nenda Guinea, mkoa wa Kissidougou. Ukipita kule unaona nyika yenye nyasi alafu kila kijiji kimezungukwa na kisiwa cha msitu mnene. Maafisa wa kikoloni wakaangalia wakasema, ahaa, zamani yote hii ilikuwa msitu, wanavijiji wamekata na kuchoma mpaka vimebaki hivi vipande vya mwisho. Sera za miaka mingi zikajengwa juu ya hayo mawazo, faini kwa wanaochoma moto, miti kulindwa dhidi ya wenye miti. Miaka ya 1990 watafiti wawili, James Fairhead na Melissa Leach, wakafanya kitu rahisi tu, wakachukua picha zilizopigwa kwa ndege mwaka 1952 wakazilinganisha na picha mpya za setilaiti, wakakaa na wazee, wakasoma maandishi ya wasafiri wa zamani. Msitu ulikuwa umeongezeka sehemu nyingi. Vile visiwa havikuwa mabaki, wanavijiji ndo walivikuza, kwa kulima kulainisha udongo, kwa mifugo kupunguza nyasi ili moto usifike, kwa kupanda. Yaani mshale ulichorwa kinyume kwa miongo kadhaa na watu wakatozwa faini kwa sababu yake.

Sahel, ule ukanda mkavu wa kusini ya jangwa la Sahara, nayo hivyohivyo. Mvua zilianza kupungua mwishoni mwa miaka ya 1960, ukame wa mwanzoni mwa miaka ya 1970 ukaua watu wengi na mifugo isiyohesabika, na maelezo yaliyopata umaarufu ni kwamba wafugaji wamelisha kupita kiasi, ardhi ikabaki uchi, ardhi uchi inarudisha mwanga wa jua juu, mvua inapungua. Kimantiki linavutia, na fizikia yake ipo. Lakini modeli za hali ya hewa zilivyoboreka, hasa kuanzia mwaka 2003, ikaonekana sehemu kubwa ya ule ukame inaelezeka kwa mabadiliko ya joto la uso wa bahari, mbali kabisa na ng'ombe wa mtu yeyote, na moshi wa viwanda vya Ulaya na Marekani Kaskazini nao unahusishwa na mabadiliko hayo ya bahari. Mfugaji alikuwa karibu na tukio, ndo kosa lake.

Kwa hiyo unafanyaje? Picha za setilaiti za Landsat zipo kuanzia mwaka 1972 na tangu 2008 ni bure kwa kila mtu, na ukiwa huna ujuzi wa kuzipakua, Google Earth ina sehemu ya kurudisha muda nyuma hadi 1984 unaangalia kwenye kompyuta tu. Picha za Sentinel-2 zimeanza 2015, zinaonyesha vizuri zaidi, pikseli, yaani kila nukta ya picha, ni ya mita 10 badala ya 30 ya Landsat, ila historia yake fupi. Mvua, tafuta data inayoitwa CHIRPS, inaanza 1981, bure pia. Picha za ndege za kabla ya hapo huwa zinalala kwenye ofisi za upimaji na ramani au kwenye makavazi, uliza, mara nyingi zipo na hamna aliyeziomba muda mrefu.

Angalizo moja kuhusu picha. Linganisha mwezi uleule. Usichukue picha ya mwisho wa masika mwaka 1990 ukaiweka pembeni ya picha ya kiangazi 2020 ukatangaza jangwa linakuja, nimeona ripoti zimechapishwa kwa rangi nzuri zimefanya hivyohivyo. Na miaka miwili haitoshi, weka angalau picha tano sita katikati, maana mwaka mmoja wa ukame unaweza kukufanya uone mwelekeo ambao haupo.

Alafu beba hizo picha ukae na watu wanaoishi pale. Picha inakwambia miti imeongezeka, haikwambii kama ni miti ya asili au mashamba ya mikaratusi. Mtu anakwambia, na mtu naye anasahau mwaka, picha inamkumbusha. Kimoja bila kingine sikiamini.

Mishale inayotoka nje ya karatasi

Ukishachora vya ndani, chora mstari kuzunguka karatasi na uulize nini kinaingia kutoka nje. Vitu vitatu huwa vinaingia karibu kila mahali: hewa, soko, na sera iliyoamuliwa mbali.

Hewa kwanza. Kabla ya viwanda hewa ilikuwa na kabonidayoksaidi sehemu 280 hivi kwa milioni. Charles David Keeling alipoanza kupima Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958 zilikuwa 315 hivi, na sasa zimepita 420. Kufikia mwongo wa 2011 hadi 2020 dunia ilikuwa na joto zaidi kwa karibu nyuzi 1.1 kuliko 1850 hadi 1900. Huo mshale unaingia kwenye kila karatasi, lakini usiuache uelee juu kama wingu, ushushe mpaka uguse kitu: joto linapandisha uvukizi wa maji haya kiasi gani, linasogeza samaki hawa kwenda maji ya kina kipi, linafanya mdudu huyu azae mara ngapi zaidi. "Tabianchi inaathiri" haina kitenzi, tulishakubaliana.

Soko na sera mara nyingi vinakuja pamoja. Ghana watafiti waliangalia takwimu za kuanzia 1970 hadi 1998 wakakuta kwamba miaka ambayo samaki wamepungua ndo miaka ambayo uwindaji kwenye hifadhi unapanda na wanyama wa porini wanashuka zaidi. Watu wanahitaji protini, wakiikosa baharini wanaifuata msituni. Sasa baharini kwanini samaki walipungua? Sababu mojawapo ni meli kubwa za kigeni zilizokuwa zinavua Afrika Magharibi, za Ulaya zikiwemo, tena zingine kwa ruzuku ya serikali zao. Ruzuku inayopitishwa kwenye mkutano Ulaya na swala anayekufa kwenye hifadhi ya Ghana wamo kwenye karatasi moja, na askari wa wanyamapori unayemwongezea bunduki hawezi kuufikia ule mshale wa juu.

Kuchelewa

Kila mshale una muda wake, andika juu yake: siku, miaka, karne. Gesi zilizokuwa kwenye majokofu na makopo ya kupuliza zilishukiwa kuharibu tabaka la ozoni mwaka 1974, tundu juu ya Antaktika likatangazwa 1985, mkataba wa Montreal ukasainiwa 1987, na pamoja na kwamba dunia ilitii kwelikweli, tabaka juu ya Antaktika linatarajiwa kurudi lilivyokuwa mwaka 1980 kwenye miaka ya 2060 huko. Gesi zingine zinakaa angani miaka hamsini, zingine mia. Bahari inameza zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada kwa hiyo usawa wake utaendelea kupanda kwa karne nyingi hata moshi ukikata leo. Ukisahau kuandika muda utamwita mtu mwongo kwa sababu hatua yake haijazaa matunda baada ya miaka miwili, wakati mshale wenyewe ni wa miaka arobaini.

Kipimo chenyewe kinaweza kukudanganya

Pwani ya Newfoundland, Kanada, kulikuwa na samaki chewa wa maji baridi waliolisha watu kwa karne kadhaa. Mwaka 1968 zilivuliwa tani laki nane hivi, meli kubwa za nje zikiwa zinakokota nyavu na kugandisha samaki hukohuko. 1977 Kanada ikajitangazia maili 200 za bahari, wageni wakaondoka, na badala ya kupumzisha samaki ikajenga meli zake yenyewe. Miaka ya 1980 wavuvi wadogo wa pwani wakawa wanalalamika samaki wamekuwa wadogo na wachache. Wakubwa wakaangalia takwimu, zikasema mambo mazuri. Kwanini? Kwa sababu sehemu ya takwimu ilitegemea meli kubwa zinapata kiasi gani kwa siku ya kuvua, na chewa wakipungua hawasambai, wanajikusanya, na meli yenye mitambo ya kutafuta samaki inawafuata palepale walipojikusanya, kwa hiyo nyavu zinajaa mpaka karibu na mwisho. Julai 1992 serikali ikasimamisha uvuvi, watu kama 30,000 wakapoteza kazi. Ile amri ilikuja kuondolewa mwaka 2024, miaka 32 baadaye.

Funzo la kazi ni hili: kwa kila namba uliyoweka kwenye karatasi andika nani aliipima, kwa chombo gani, na chombo kile kilibadilika lini. Tani za samaki zinapima samaki na mafuta na teknolojia kwa pamoja. Eneo la msitu linategemea nani alitoa tafsiri ya msitu, na kuna sehemu mashamba ya miti yanahesabiwa kama msitu. Kesi za migogoro kati ya watu na wanyama zinapanda pia pale ambapo ofisi ya kuripoti imefunguliwa karibu. Na kama kuna kundi la watu wanaosema kitu tofauti na namba, kama wale wavuvi wa pwani, usiwaweke kwenye aya ya mwisho ya ripoti, waweke kwenye karatasi kama kipimo cha pili.

Na ona kilichofuata kule. Chewa walivyoondoka, kamba na kaa wakaongezeka, sehemu kwa sababu aliyekuwa anawala hayupo, na wavuvi wakahamia huko na pesa ikawa nzuri kuliko ya chewa. Sa hapo unapata watu ambao riziki yao inategemea chewa wasirudi wengi. Mfumo mpya unatengeneza watetezi wake, huo ni mshale pia, na karibu kila mtu anausahau.

Mti ni wa nani

Katikati ya watu na mazingira kuna sheria, sio zile za kwenye makaratasi tu bali zile zinazofuatwa kweli. Niger, mikoa ya Maradi na Zinder, sheria iliyorithiwa kutoka ukoloni ilifanya miti kuwa mali ya serikali hata ikiwa shambani kwako. Sasa mche ukichipua kwenye shamba, mkulima ana sababu gani ya kuutunza? Akiutunza ukawa mkubwa anaweza kupigwa faini akiukata. Anaung'oa mapema. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 usimamizi wa ile sheria ulilegea, wakulima wakaanza kuchukulia miti kuwa ni yao, na badala ya kupanda miche mipya wakawa wanachagua machipukizi yanayotoka kwenye visiki vya zamani wanayapunguzia matawi na kuyalinda. Hekta kama milioni 5 zikarudi kuwa na miti, na ulimwengu wa nje ulichelewa sana kugundua. Mbegu hazikuletwa, mizizi ilikuwepo chini muda wote, kilichobadilika ni nani anafaidi.

Elinor Ostrom, aliyepata Nobel ya uchumi 2009, alitumia maisha yake kwenye maswali ya namna hii. Moja ya aliyoonyesha ni mifereji ya umwagiliaji ya Nepal, ambapo ile iliyojengwa na kuendeshwa na wakulima wenyewe, ya mawe na matope, mara nyingi ilifanya kazi vizuri kuliko ya kisasa ya zege iliyojengwa na serikali. Ukiuliza kwanini unakuta mfereji wa matope unawahitaji watu wa mwisho wa mfereji waje kusaidia kuukarabati kila mwaka, kwa hiyo watu wa mwanzo wanalazimika kuwapa maji. Zege likija, watu wa juu hawamhitaji mtu tena.

Uliza kwenye sehemu yako: nani anaruhusiwa kuchukua, nani anamwona akizidisha, akizidisha anafanywa nini, na aliyeathirika anaweza kuibadilisha hiyo kanuni au anaisikia redioni tu? Majibu yaandike kwenye mishale kwa rangi nyingine.

Kabla hujapendekeza suluhisho

Chukua pendekezo lako ulichore nalo kama mshale mpya, alafu ufuate hadi mwisho kama ulivyofuata mengine. Tuta la kuzuia mafuriko linazuia mafuriko madogo, watu wanajisikia salama, wanajenga nyuma ya tuta, alafu siku linapokuja kubwa lililoshinda tuta kuna watu wengi zaidi wa kuzama. Mwanajiografia wa Marekani Gilbert White alishaeleza hatari ya namna hiyo tangu miaka ya 1940, na New Orleans, Marekani, kwenye kimbunga Katrina 2005 kuta zilipasuka wakafa mamia ya watu. Umwagiliaji wa matone unaokoa maji shambani, ni kweli, lakini kama hamna kikomo cha maji yanayochukuliwa mkulima anaongeza eka au anahamia zao linalokunywa zaidi, na yale maji "yaliyokuwa yanapotea" zamani yalikuwa yanarudi mtoni kwa jirani wa chini. Mto haupati kitu.

China baada ya mafuriko ya Yangtze ya 1998, yaliyoua zaidi ya watu 3,000, ilisimamisha ukataji wa misitu ya asili kwenye maeneo ya juu ya mto na mwaka uliofuata ikaanza kuwalipa wakulima wapande miti kwenye miteremko. Milima ikarudi kijani, hiyo usiidharau. Mbao nazo ziliendelea kuhitajika, zikaanza kuletwa kwa wingi kutoka Urusi, Asia ya Kusini Mashariki na kwingine. Je suluhisho lilifanikiwa? Inategemea mpaka uliouchora mwanzoni unaishia wapi, ndo maana unabeba penseli.

Karatasi ikiwa na mishale hamsini imekushinda, hamna anayeisoma, na mi huwa nazikimbia hizo michoro za miradi zinazofanana na waya zilizochanganyika. Baki na saba hadi kumi na mbili ile yenye nguvu, iliyobaki weka kwenye karatasi ya pili. Ile ambayo una ushahidi wake chora mstari mzito, unayoihisi tu chora vinukta. Wape watu wa pale waifute na kuichora upya mbele yako, hasa wanawake wanaochota maji na vijana walioondoka, maana hao huwa hawaitwi kwenye kikao.

Mwisho, nyuma ya karatasi andika mambo mawili au matatu ambayo yakitokea yataonyesha ulikosea. Kwa mfano kama umesema ziwa linapungua kwa sababu ya mifereji ya juu, andika kwamba mvua ikirudi wastani kwa miaka mitatu na matumizi ya mifereji yakabaki vilevile, ziwa halitapanda, na likipanda ulikosea. Weka tarehe, weka jina la atakayeenda kupima, na umwambie apime kwa chombo kilekile.